Kupiga Windo si Kufuta

Miongoni mwa mambo yaliyoingia kwa kasi katika maisha ya wananchi wa Mkoa wa Simiyu tangu mwanzoni mwa karne hii ni picha za video. Zamani arusi ilipokwisha ilibaki katika masimulizi ya waliohudhuria, na mzee alipofariki dunia sauti yake ilizikwa pamoja naye. Siku hizi, iwe Bariadi mjini, Dutwa, Lagangabilili au Mwanhuzi, arusi isiyokuwa na mpiga video huonekana kuwa imepungukiwa. Vijana hurekodi mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanayochezwa baada ya mavuno. Watoto hurekodi maneno ya wazazi wao siku ya kupokea ng'ombe wa mahari. Na jamaa walioko Mwanza au Dar es Salaam hutumiwa picha za mazishi ambayo hawakuweza kuyawahi. Kwa sehemu kubwa, picha hizo hazimo katika filamu wala kanda ambazo mtu aweza kuzishika mkononi. Zimo katika kompyuta. Na kompyuta inapoanza kuwa nzito, au inaposhikwa na virusi, hupelekwa kwa fundi, naye fundi hupiga windo.

Kupiga windo, kwa wale ambao hawajalisikia neno hilo la mafundi, ni kuuondoa mfumo wa kuendeshea kompyuta uliomo, kuifomati diski, na kuweka mfumo mpya. Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili. Kompyuta hurudi nyumbani ikiwa nyepesi na safi, na hapo ndipo mama wa nyumba anapouliza ilipo arusi ya binti yake, au ilipo sauti ya marehemu mumewe. Jibu analopewa ni lile lile karibu kila mara: zimefutika, hakuna la kufanya.

Maoni yanayotolewa katika makala haya ni kwamba jibu hilo, siku linapotolewa, mara nyingi si la kweli; na kwamba huja kuwa kweli baadaye kwa sababu ya mambo yanayofanywa na watu walioliamini. Hasara kubwa haitokani na kufomati. Yatokana na siku zinazofuata. Maarifa ya kuizuia hasara hiyo ni madogo, hayahitaji mitambo ya gharama, na yaweza kufundishwa kwa fundi yeyote anayejua kusoma. Kutoyafundisha ni kuacha sehemu ya kumbukumbu ya mkoa mzima ipotee bila sababu.

Daftari na ghala

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kutazama namna diski inavyohifadhi vitu. Diski ngumu ya kawaida, ile ambayo mafundi huiita hadi diski, ni sahani moja au zaidi zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kila kitu, kiwe barua, wimbo au video, huandikwa juu ya utando huo kwa alama ndogo mno za sumaku. Kanuni hii ilianza katika mashine ya IBM ya mwaka 1956, ambayo ilikuwa na sahani 50 na uwezo wa kuweka herufi milioni 5 tu. Leo diski ya gigabaiti 500, ambayo ni ya kawaida katika kompyuta za mpakato zinazouzwa zikiwa zimekwisha tumika, ina vyumba vidogo karibu milioni 977, kila kimoja kikiwa na nafasi ya baiti 512.

Na ichukuliwe mfano wa ghala la kiwanda cha kuchambua pamba, kitu ambacho kila mkazi wa Simiyu anakifahamu. Ndani ya ghala yamepangwa marobota. Mlangoni ameketi mtunza ghala na daftari lake, ambamo imeandikwa kila robota ni la nani na limewekwa safu ya ngapi. Anayetaka robota lake hatangitangi ghalani. Hutazamwa daftari, kisha huendwa moja kwa moja mahali penyewe. Diski ina daftari la namna hiyo hiyo. Sehemu ndogo ya nafasi yake imetengwa kwa ajili ya orodha ya majina ya faili, tarehe zake, na namba za vyumba ambamo kila faili imewekwa.

Sasa, kufomati kwa haraka, kwa namna inavyofanywa wakati wa kuweka Windows, si kulichoma ghala. Ni kulichana daftari la zamani na kuweka mlangoni daftari jipya lisiloandikwa kitu. Mgeni akiuliza ghalani mna nini, mtunza ghala ataangalia daftari jipya na kusema kwa unyofu kabisa kwamba ghala ni tupu. Lakini marobota yangali yamesimama safu kwa safu kama jana. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika diski maneno hayo ni kweli kwa maana yake halisi: kilichopotea kwanza ni habari, mali bado ipo.

Iko namna nyingine ya kufomati, ile ndefu inayochukua saa kadhaa. Tangu toleo la Windows Vista, lililouzwa kwa wananchi kuanzia mwaka 2007, namna hiyo ndefu huandika sifuri juu ya diski yote, na baada yake hakuna cha kuokoa. Hata hivyo fundi mwenye wateja foleni huchagua ile ya haraka, na programu ya kuweka Windows yenyewe hutumia ile ya haraka. Isitoshe, kompyuta nyingi zimegawanywa sehemu mbili, C na D. Ikiwa video ziliwekwa D, na fundi akapiga windo katika C peke yake, D haikuguswa kabisa.

Ushahidi

Huenda msomaji akadhani kwamba maneno haya ni nadharia tu. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya diski 158 zilizokwisha tumika, ambazo walizinunua madukani na katika minada. Diski 129 kati ya hizo zilikuwa bado zinafanya kazi, na katika hizo 129, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Katika nyingine walikuta barua za watu, hesabu za fedha na habari za wagonjwa, pamoja na maelfu ya namba za kadi za benki. Baadhi ya wenyewe walikuwa wamefomati diski zao na kuamini kwamba wamefuta kila kitu. Wataalamu hao walitoa habari hizo kama onyo kwa wenye siri. Kwa mama wa Bariadi anayemtafuta marehemu mumewe katika video, habari hizo hizo ni tumaini.

Lakini tumaini hilo lina mpaka wake, na mpaka huo hauna budi kuelezwa bila kuficha. Robota jipya likishawekwa mahali pa robota la zamani, la zamani haliko tena. Mwaka 1996 Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, aliandika kwamba huenda kwa vyombo maalumu mtu akaweza kusoma masalio ya sumaku yaliyoandikiwa juu, naye akapendekeza diski ziandikwe mara 35 ili kuzisafisha. Diski za siku hizi zina alama zilizobanana mno hata jambo hilo haliwezekani. Kuandikiwa juu mara moja kwatosha. Kwa hiyo hakuna fundi, awe wa Bariadi au wa Ulaya, awezaye kurudisha kilichokwisha andikiwa juu. Anayeahidi hivyo na kudai fedha mbele ni mlaghai.

Wema unaoharibu

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Mfumo mpya wa Windows hauchukui nafasi kubwa. Tuseme unachukua gigabaiti 25 katika diski ya gigabaiti 500; hiyo ni sehemu 5 kwa 100. Maana yake ni kwamba dakika ile windo inapokwisha kupigwa, sehemu 95 kwa 100 za diski bado zina vile vile vilivyokuwamo. Kama kompyuta ingezimwa wakati huo, sehemu kubwa ya video ingeweza kupatikana.

Haizimwi. Fundi, kwa moyo mwema na kwa desturi ya biashara, humjazia mteja wake vitu: filamu zilizotafsiriwa, nyimbo za Bongo Fleva, mahubiri, michezo ya watoto. Filamu 100, kila moja gigabaiti moja na nusu, ni gigabaiti 150, nazo huandikwa katika nafasi ambazo daftari jipya lasema ni tupu. Baadaye nyumbani vijana huongeza nyingine. Anapogundua mtu kwamba arusi haimo, hutafuta programu ya kuokoa faili, akaiweka katika diski ile ile, na kila kinachopatikana akakihifadhi humo humo. Ni sawa na mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni huku akimwaga mchanga. Ajuaye hata kidogo tu jinsi diski inavyofanya kazi hawezi kutenda hivyo, na asiyejua hana kosa, hakuambiwa.

Njia ya kuokoa

Njia yenyewe ina hatua chache, nazo ni hizi.

Kwanza, kompyuta izimwe mara moja na isiwashwe tena. Kuiwasha tu, hata bila kufungua kitu, humfanya Windows aandike mambo yake ya ndani katika diski.

Pili, diski itolewe na kufungwa katika kompyuta nyingine kama diski ya pembeni, kwa kasha la kawaida la waya wa USB. Mashine nyingine ikiuliza kama ifomati diski hiyo, jibu ni hapana.

Tatu, itengenezwe nakala ya diski nzima, chumba kwa chumba, pamoja na vile vinavyosemwa ni vitupu, katika diski nyingine yenye ukubwa usiopungua wake. Programu iitwayo ddrescue hufanya kazi hiyo bila malipo. Kwa waya wa USB wa kizamani diski ya gigabaiti 500 yaweza kuchukua saa nne au tano, na umeme ukikatika katikati, kama unavyokatika, programu hukumbuka ilipofikia na huendelea kutoka hapo. Baada ya hatua hii diski ya asili huwekwa kabatini na haiguswi. Kazi yote iliyobaki hufanywa katika nakala, ili kosa lolote liweze kurudiwa.

Nne, nakala itafutwe. Ziko njia mbili za kutafuta. Ya kwanza ni kuokota kurasa za daftari la zamani zilizobaki, kwa kuwa daftari jipya huandikwa juu ya kurasa chache za mwanzo tu. Zikipatikana, faili hurudi pamoja na majina na tarehe zake. Ya pili ni kupita chumba kwa chumba bila daftari lolote na kutazama alama. Kila aina ya faili ina alama yake ya mwanzo isiyobadilika, kama vile robota lilivyo na alama ya kiwanda lilikotoka. Programu ya PhotoRec, iliyoandikwa na Christophe Grenier wa Ufaransa, nayo ikitolewa bure, hufuata njia hiyo. Vinavyopatikana vihifadhiwe katika diski ya tatu.

Matokeo hayawi sawa kwa faili zote. Video ni kubwa, na diski iliyojaa mara nyingi huigawa video moja na kuitawanya sehemu mbalimbali. Ikitafutwa kwa alama, huenda kikapatikana kipande cha mwanzo peke yake. Video za aina ya MP4, zinazotengenezwa na kamera na simu za siku hizi, zina daftari dogo la ndani ambalo mara nyingi huandikwa mwishoni mwa faili. Likikosekana, faili yote hukataa kufunguka mpaka itengenezwe kwa programu nyingine. Za zamani zilikuwa na huruma zaidi. Video iliyotolewa katika kaseti ndogo za MiniDV huweka kila picha ikijitegemea, na ya DVD yaweza kuchezwa hata ikiwa imebaki nusu. Kwa hiyo arusi ya mwaka 2006 yaweza kuokolewa kwa urahisi kuliko ya mwaka 2016.

Liko onyo moja. Diski inayogonga kwa sauti, au isiyozunguka, haina tatizo la daftari bali ugonjwa wa mwili, na njia hizi hazifai. Kichwa cha kusomea hupita juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele kwa maelfu ya mara. Chembe moja ya vumbi la kiangazi la Bariadi yatosha kuukwangua utando. Diski ya namna hiyo isifunguliwe katika kibanda kilicho kando ya barabara kwa hali yoyote ile.

Kazi ya wazee

Baada ya fundi kumaliza, kazi haijaisha. Faili zilizookolewa kwa alama hazina majina wala tarehe; ni mamia ya video zenye namba tupu. Ni arusi ya nani hii? Yule anayeongoza kundi la Bagalu, aliyevuta umati wa watu hata kundi la pili likabaki likicheza peke yake, ni nani, na ni mashindano ya mwaka gani? Wimbo ule wa kulimia unaoimbwa huku majembe yakirushwa hewani ni wa kijiji kipi? Kompyuta haiwezi kujibu. Anayeweza ni bibi aliyekuwapo siku ile. Yafaa basi familia iketi pamoja naye, video moja baada ya nyingine, na kijana mmoja aandike majina. Ndiyo kusema kwamba daftari lililochanwa huandikwa upya kwa msaada wa wazee, na nafasi hiyo nayo ina mwisho, kwa maana wazee hawangoji.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni anasa katika mkoa wenye matatizo ya ukame, maji na bei ya pamba. Hoja hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini yasahau jambo moja. Sehemu kubwa ya utamaduni wa Wasukuma, wakiwamo Wanyantuzu wa Bariadi na Itilima, haikuandikwa vitabuni. Imo katika nyimbo, katika hatua za ngoma, katika namna mzee anavyosimama na kusema mbele ya ukoo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi nyimbo za wenyeji, na nyimbo hizo zingali zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Yaani mtafiti wa leo aweza kusikiliza sauti za Watanganyika wa miaka zaidi ya sabini iliyopita kwa sababu mtu mmoja alijali kutunza kanda zake. Na huyo huyo aweza kukosa kabisa picha za ngoma iliyochezwa Bariadi mwaka 2008, ngoma iliyorekodiwa na vijana wa hapo hapo, kwa sababu kompyuta ilikuwa nzito.

Mlango unaofungwa

Kwa nini jambo hili lisemwe sasa, na si baadaye? Kwa sababu mlango unafungwa. Yote yaliyoelezwa hapo juu yahusu diski za sumaku zinazozunguka. Kompyuta mpya hutumia diski za aina nyingine, zisizo na sahani, ambazo mafundi huziita SSD. Hizo zina tabia tofauti. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, diski hiyo inapofomatiwa huambiwa na mfumo ni vyumba vipi havihitajiki tena, nayo huanza kuvisafisha yenyewe kimya kimya ili iwe tayari kupokea vitu vipya. Katika mfano wa ghala, mara daftari linapochanwa, vibarua huingia na kuyatoa nje marobota yote bila kuagizwa na mtu. Simu za miaka ya karibuni nazo huandika kila kitu kwa fumbo. Simu ikirudishwa katika hali ya kiwandani, ufunguo wa fumbo huteketezwa, na kilichobaki hakisomeki.

Matokeo yake ni kwamba rehema iliyokuwamo katika diski za zamani haimo katika vyombo vipya. Diski zilizobeba video za kwanza za familia za Simiyu, zile za miaka ya 2000 na ya mwanzo ya 2010, wakati mkoa wenyewe ulipoanzishwa mwaka 2012, zimo bado katika masanduku, chini ya vitanda na katika pembe za vibanda vya mafundi. Nyingi zilikwisha pigwa windo na kusahauliwa. Hizo zaweza kutazamwa leo. Baada ya miaka kumi nyingi zitakuwa zimekufa kwa kutu na vumbi, au zimeuzwa kama vyuma chakavu.

Wajibu

Si haki kuwatupia mafundi lawama. Wengi wao walijifunza kwa kutazama wenzao, kwani historia ya vyombo hivi nchini ni fupi na ina mapengo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ilidumu kwa miaka kadhaa. Na wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya mwanzo ya 1970, Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Wananchi wa Ulaya walipitia filamu na kanda kwa vizazi viwili kabla ya kufika katika kompyuta, na masanduku ya filamu za babu zao yangali darini. Familia nyingi za Bariadi ziliingia katika kompyuta moja kwa moja. Hata pale mpiga video alipotumia kaseti, aliirekodi tena kwa arusi ya wiki iliyofuata, kwa kuwa kaseti ilikuwa ghali. Hivyo nakala ya pekee ilibaki katika diski, au katika DVD ya kuchoma ambayo rangi yake huoza kadiri miaka inavyopita.

Mambo matatu yafaa yafanywe.

La kwanza ni swali. Kila fundi, kabla ya kupiga windo, amwulize mteja: kuna picha au video ambazo hazipo mahali pengine? Jibu liandikwe katika karatasi na mteja aweke sahihi yake. Ikiwa zipo, zinakiliwe kwanza na malipo yaongezwe kwa kazi hiyo. Na mteja asijaziwe filamu kabla hajaikagua kompyuta yake nyumbani na kuridhika. Swali hilo halina gharama, na faida yake yashinda programu zote za kuokoa faili, maana kinga ni bora kuliko tiba.

La pili ni mafunzo. Vyuo vya ufundi stadi vinavyofundisha kompyuta viweke somo la kuokoa faili katika mitaala yao, na mafundi walioko kazini waitwe kwa siku mbili au tatu. Programu ni za bure; diski mbovu za kujifunzia zimejaa tele. Katika mafunzo hayo isisahauliwe heshima ya siri za watu. Anayeokoa faili huona mambo ya ndani ya nyumba ya mwenzake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yahusu kazi hiyo kama inavyohusu benki na hospitali. Fundi asitazame zaidi ya kazi inavyodai, asibaki na nakala bila idhini, na asisambaze.

La tatu ni mahali pa kutunzia. Maofisa utamaduni wa halmashauri tano za wilaya za mkoa, pamoja na ile ya Mji wa Bariadi, wakiwa na diski kubwa mbili tu katika kila ofisi, moja ikitunzwa mbali na nyingine, waweza kupokea kwa hiari ya wenyewe nakala za video za ngoma na sherehe, pamoja na majina yaliyoandikwa na wazee. Mambo ya faragha yabaki na familia. Yaliyochezwa uwanjani mbele ya watu yatunzwe kwa ajili ya watu. Sayansi haina budi kufika mpaka katika kibanda cha fundi wa kompyuta wa Bariadi, kwa kuwa humo ndimo inapoamuliwa, karibu kila siku, kipi kitabaki na kipi kitapotea.

Na mwananchi ambaye kompyuta yake imetoka kwa fundi jana, na leo ameona kwamba sauti ya baba yake haimo, asilie kwanza wala asitafute programu. Aizime kompyuta. Mengine yote yaweza kungoja mpaka apatikane mtu anayejua.